Seli Mia Sita na Hamsini na Nne Zisizoshika Rangi

"Nani hapa aliyenihesabu?"

Sauti iliingia kwa kidirisha cha maabara yetu cha kupokelea sampuli siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, foleni ikiwa imefika mlangoni. Aliyeuliza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na ushei, fundi cherehani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni kana kwamba ameacha nguo katikati ya mshono. Nyuma yake alisimama dada yake mkubwa, mkoba kifuani, uso ameukunja.

"Ni mimi," nilijibu. Sahihi kwenye karatasi ya majibu ilikuwa yangu, na sikuwa na pa kuificha.

"Basi niambie mwenyewe. Umeandika nina CD4 sita. Sita! Vifungo vya shati vinazidi."

"Usimpigie kelele mtoto wa watu," dada yake alimkatiza. "Yeye kaandika alichokiona. Ungekuwa unameza dawa, usingekuwa hapa unauliza."

"Nameza, dada."

"Kila mwizi huapa."

Hapo ndipo Mama Jumlisha, mkongwe wetu wa maabara, alipoinuka kutoka kwenye darubini yake. Alifungua mlango wa pembeni, akawaashiria waingie, akaufunga. "Foleni nzima inasikiliza," alisema. "Mambo ya damu hayasemwi kwa kidirisha. Haya, mdogo wangu, anza upya, taratibu."

Fundi alieleza. Kwa miaka saba alikuwa akimeza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kidonge kimoja kila usiku, bila kukosa. Miezi sita iliyopita kipimo chake kilisoma mia tano na themanini na nane, na daktari akampa mkono wa pongezi. Safari hii kimesoma sita. Daktari wa kliniki alimwambia kwamba idadi haiporomoki namna hiyo kwa mtu anayemeza. Ijumaa, kwenye kikao cha wataalamu, dawa zake zingebadilishwa kuwa za daraja la pili, na faili lake lingeandikwa kuwa ni mtoro wa dawa. Kipimo cha wingi wa virusi, ambacho kingemaliza ubishi, kilikuwa kimepelekwa maabara kuu, na majibu hayakutarajiwa kabla ya wiki tano.

"Dawa hizi zimenikubali," alisema. "Nikiondolewa, nyuma yake zimebaki chache. Na huyu," alimwelekezea dada yake kidevu, "amehamia kwangu kunilinda. Kila nikimeza, ananiambia fumbua mdomo, anachungulia kama anayenunua punda mnadani."

"Nitachungulia mpaka upone," dada yake alijibu.

Mama Jumlisha hakucheka. Alichomoa penseli sikioni, akaomba ile karatasi, akaanza kufanya kile kilichompa jina lake.

Jina hilo hakupewa na wazazi. Tulimpa sisi wa maabara, na hata wagonjwa walikwisha kulizoea. Baba yake alikuwa karani wa ghala la nafaka, mtu aliyemfundisha binti yake kuhesabu magunia mara mbili, mara ya kwanza kutoka mlangoni kwenda ukutani, mara ya pili kutoka ukutani kuja mlangoni. "Hesabu isiyorudi kwa njia nyingine si hesabu, ni bahati," alikuwa akimwambia. Binti huyo aliingia hospitalini akiwa na umri wa miaka ishirini na mbili kuosha vyombo vya kioo vya maabara. Aliviosha miaka saba. Katika miaka hiyo alijifunza majina ya vimiminika vyote kwa kusoma vibandiko kabla ya kuvibandua, na alipofikisha miaka ishirini na tisa, akiwa na watoto wawili, aliomba nafasi katika chuo cha ufundi. Wenzake darasani walimwita mama kwa sababu ya umri, kisha wakaendelea kumwita hivyo kwa sababu ndiye aliyewasahihishia hesabu.

Aliporudi hospitalini akiwa na cheti, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhesabu seli nyeupe kwa jicho, darubini mbele, kihesabio cha chuma mkononi, kidole gumba kikibonyeza kwa kila seli. Kidole hicho kina sugu hadi leo. Mashine ilipoletwa, sisi vijana tulishangilia. Yeye aliisoma miongozo yake kuanzia jalada hadi jalada, akaiheshimu, lakini penseli hakuiweka chini. Kila karatasi iliyotoka kwenye mashine aliijumlisha upya. Mume wake, fundi wa vigae, hupenda kusema kwamba ukimpa mkewe chai atakuuliza chembe ngapi za sukari, na kwamba yeye mwenyewe aliolewa baada ya kuhesabiwa meno. Mama Jumlisha humwacha aseme. "Vigae vyake navyo havipishani hata unywele," hujibu. "Ndiyo maana tumedumu."

Jumatatu hiyo alijumlisha kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Lazima nieleze alichokuwa akikitafuta. Miongoni mwa seli za kinga zilizomo katika damu, kuna kundi ambalo mashine yetu hulihesabu kwanza lote kwa pamoja, kisha hulihesabu kwa matawi yake mawili makubwa: yale yenye kipokezi kiitwacho CD4 na yale yenye kipokezi kiitwacho CD8. Kipokezi ni protini inayochomoza juu ya utando wa seli, na kwayo seli hupokea habari kutoka kwa jirani zake. Seli ya CD4 hutumia kipokezi hicho kumtambua adui anapoonyeshwa kwake, kisha huwaamsha wengine. Balaa ni kwamba virusi vya UKIMWI navyo hukishika kipokezi hicho hicho ili kuingia. Kwa hiyo idadi ya seli za CD4 hutuambia ni askari wangapi wamebaki. Na kwa kuwa matawi ni mawili, yakijumlishwa yanapaswa kukaribia jumla ya kundi. Mashine haikulazimishi kulifanya jambo hilo. Mimi sikulifanya.

"Njoo hapa, mwanangu," aliniita. "Kundi zima, elfu moja mia nne na themanini. CD8, mia nane na ishirini. CD4, sita. Jumlisha."

"Mia nane ishirini na sita."

"Toa."

Nilitoa. "Mia sita na hamsini na nne."

"Hao wamekwenda wapi?"

Mtu ambaye seli zake za CD4 zimekufa huwa na pengo dogo, kwa sababu zilizokufa hazimo hata katika jumla. Hapa jumla ilikuwa nono. Seli mia sita na hamsini na nne katika kila tone dogo kuliko kichwa cha sindano zilipita mbele ya mwanga wa mashine, zikahesabiwa kuwamo, kisha zikakosa tawi.

"Huyu hajaishiwa na askari," Mama Jumlisha alisema. "Askari wamo. Hawakuvaa sare."

Aliwaambia wale dada wawili kwamba hawezi kuwaahidi kitu, ila hesabu haikumridhisha, na kabla ya Ijumaa atakuwa na neno. Dada mkubwa alisonya. Fundi alimtazama Mama Jumlisha kwa jicho la mtu aliyekwisha kuahidiwa mengi, akakaza utepe wake shingoni, akaondoka.

Jumanne Mama Jumlisha alikwenda kwa daktari wa kliniki. Mimi nilimfuata nikiwa nimebeba daftari la mashine, kwa kuwa kosa, kama lilikuwapo, lilikuwa la mkono wangu.

Daktari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuchelewa na kumpoteza mgonjwa. "Mama, nakuheshimu," alisema, "lakini nitazame upande wangu. Kama ni sita kweli, homa ya mapafu tu inamtosha. Nikingoja, nitamzika."

"Mkinge na homa ya mapafu leo hii, sikuzuii. Dawa zake ndizo ninazoomba usiziguse hadi nimalize."

"Umalize nini? Kitendanishi kilibadilishwa miezi miwili iliyopita, sawa, najua unataka kufika huko. Wagonjwa mia mbili na zaidi wamepimwa nacho. Kingekuwa kibovu, wote wangeanguka. Ameanguka mmoja."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na Mama Jumlisha aliipa uzito wake. "Ndiyo," alisema. "Ameanguka mmoja. Nipe muda nijue kwa nini ni mmoja."

Kitendanishi, katika kipimo hiki, ni kingamwili zilizotengenezwa kiwandani na kufungwa rangi. Tunazichanganya na damu. Hushikana na kipokezi cha CD4. Seli yenye kipokezi hung'aa, mashine huihesabu. Kila kisanduku huja na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane, maandishi yake madogo kama mayai ya sisimizi. Kisanduku kipya kilipofika, mimi ndiye niliyekifungua, na karatasi hiyo niliitupa. Wote huitupa. Mama Jumlisha alifungua kisanduku kingine, akaikunjua mezani, akaweka juu yake kioo cha kukuzia, akaisoma kuanzia neno la kwanza. Saa tisa na robo alinisukumia kioo.

Katika ukurasa wa tano, chini ya kichwa cha mambo yanayoweza kupotosha matokeo, palikuwa na sentensi mbili. Zilisema kwamba watu wachache huzaliwa na kipokezi cha CD4 chenye badiliko dogo la umbo, lisilowadhuru, na kwamba kingamwili za aina hii hazishiki kwenye vipokezi vya watu hao. Matokeo yao yathibitishwe kwa kingamwili zinazoshika sehemu nyingine.

"Sasa tunajua kwa nini ni mmoja," alisema. "Au tunadhani tunajua. Kudhani si kujua."

Alipiga simu katika hospitali ya mji wa pili, ambako mwenzake wa chuo aliongoza maabara inayotumia kitendanishi cha kiwanda kingine. Nilisikia sauti ya upande wa pili ikicheka: "Wewe bado unajumlisha tu?"

"Bado. Nihifadhie vipimo viwili vya Alhamisi."

Kisha akarudi kwa daktari na fomu ya maombi. "Niandikie ombi hili. Nikiwa nimekosea, jina langu liandikwe kwenye kosa."

Daktari alitia sahihi. "Ijumaa saa nane mchana, mama. Baada ya hapo sisubiri."

Kilichobaki kilikuwa damu mpya, na damu haichotwi kwa simu. Jumatano, baada ya zamu, Mama Jumlisha alitwaa koti lake jeupe ambalo mfuko wake ulikuwa umechanwa na penseli, akanichukua, tukaenda hadi chumba cha kushonea cha fundi: chumba kimoja kinachotazama barabara, cherehani mbili, rundo la nguo za sare, pasi ya umeme ikipoa juu ya kigae. Koti lilikuwa kisingizio, na kisingizio kizuri, maana ndani alikuwamo mteja. Fundi alilipokea, akaukagua mfuko, akamaliza na mteja wake kwa utulivu, akamsindikiza. Ndipo akasema:

"Mfuko nitauweka kiraka. Na lingine lililowaleta?"

"Nahitaji damu yako kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi."

"Hapana." Alikwisha kukaa kwenye cherehani. "Mmechota, mmehesabu, mmeniita mwongo. Kilichobaki ni ngozi. Nayo mnaitaka?"

"Aliyekuita mwongo si mashine, na si mimi."

"Karatasi ilisema."

"Karatasi ilisema kwamba rangi yetu haikushika. Sisi tukasoma kwamba seli hazipo."

Mguu wa fundi ulisimama juu ya kanyagio. Mama Jumlisha alimweleza, polepole, juu ya kipokezi na kingamwili na rangi, na juu ya sentensi mbili za ukurasa wa tano. Fundi alisikiliza kama anayepokea vipimo vya mteja. Kisha alivuta kipande cha satini nyeusi ya bitana, akachukua chaki yake bapa, akapiga mstari. Alipopangusa kwa kiganja, hapakuwa na kitu.

"Hivi?" aliuliza.

"Hivyo hasa."

"Kitambaa kipo. Chaki ndiyo haikushika." Alivuta droo, akatoa kipande chembamba cha sabuni iliyokauka, akapiga mstari mwingine. Ulikaa, mweupe, umenyooka. "Satini wanaiogopa wanagenzi. Mimi huiwekea sabuni."

"Mimi nitakutafutia sabuni. Niazime tu kitambaa."

Fundi alicheka kidogo, mara ya kwanza mbele yetu, kisha uso ukabadilika. "Lakini virusi vyenyewe vilinishikaje? Kama kipokezi changu hakishikiki?"

Swali hilo lilinifikirisha njia nzima ya kurudi, kwa kuwa ni mimi niliyesoma chuoni na sikuwa nimeliuliza. Mama Jumlisha alilijibu pale pale. "Kipokezi kina urefu. Virusi hushika kichwani. Kingamwili zetu hushika chini yake, kiunoni, na wewe tofauti yako iko kiunoni. Kichwa chako ni kama cha wengine."

"Kwa hiyo mwizi ananijua, polisi ndiye hanijui."

"Polisi atajifunza."

"Saa kumi na mbili na nusu," fundi alisema, na cherehani ikaanza kulia.

Alhamisi alifika saa kumi na mbili na dakika ishirini. Dada yake alikuja naye, kama mlinzi wa mahabusu. Mama Jumlisha alichota damu mwenyewe, mirija miwili yenye vifuniko vya zambarau, akaigeuza mara nane kila mmoja ili isigande. Mmoja aliniachia mimi. "Upime kwa kitendanishi chetu, kwa utaratibu ule ule. Damu moja, asubuhi moja, rangi mbili. Pasiwe na wa kusema kwamba ni siku nyingine au ni mtu mwingine."

Mrija wa pili ulikaribia kutuponyoka. Dereva wa hospitali, kwa wema na kwa mazoea, alikuwa amekwisha kuandaa sanduku la kubebea sampuli na kulijaza barafu, kama afanyavyo kwa chanjo. Seli hizi hazitaki barafu. Zikipoa kiasi hicho huharibika, na hesabu yake haiaminiki tena. Mama Jumlisha aliingiza mkono, akautoa haraka.

"Baba, umeniandalia samaki?"

"Si damu, mama? Damu si hukaa baridi?"

"Hii hukaa kama mimi na wewe." Alimwaga barafu kwenye sinki, kisha akaufunga mrija kwa pamba na kitambaa, akauweka ndani ya mkoba wake wa begani, penseli pembeni, akapanda gari.

Mimi nilibaki. Nilipima mara mbili. Mashine ilisoma tano, kisha saba. Nilijumlisha kwa penseli, na pengo lilikuwa pale pale, pana. Nilikaa nalo hadi saa nane na nusu, simu ilipolia.

"Andika," sauti ya Mama Jumlisha ilisema. "Kundi zima, elfu moja mia nne na sitini na sita. CD8, mia nane na sita. CD4, mia sita na arobaini na moja. Jumlisha."

"Elfu moja mia nne arobaini na saba."

"Pengo?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa tunavumilia," alisema, na nikamsikia akishusha pumzi.

Ijumaa saa nane kasoro dakika kumi alikuwa mlangoni mwa chumba cha kikao, ameshika karatasi tatu: ile yangu ya kwanza, ile yetu ya jana, na ile ya mji wa pili, pamoja na karatasi ya maelezo iliyokunjuliwa, mstari wa penseli chini ya sentensi mbili. Fundi na dada yake waliitwa ndani. Daktari aliziweka karatasi sambamba. Alisoma muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua uso.

"Nikopeshe penseli, mama."

Alijumlisha mwenyewe, karatasi baada ya karatasi, akiisogeza midomo. Alipomaliza alirudia. Kisha alilivuta faili la fundi, akakata kwa mstari mmoja neno *mtoro* lililokuwa limekwisha kuandikwa kwa penseli pembeni, akaandika juu yake kwa wino: aendelee na dawa zilezile.

"Wingi wa virusi ukirudi tutaulinganisha," alimwambia fundi. "Lakini mimi sina tena sababu ya kukugusia dawa. Nilikukosea, dada. Samahani."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakulia, hakushangilia. Aligeuka kwenye kiti, akamkabili dada yake, ambaye tangu aingie alikuwa akiutazama mkoba wake.

"Dada."

"Ee."

"Siku kumi na nne umeniambia nifumbue mdomo. Sasa fumbua wewe."

Dada mkubwa alifungua mkoba, akaufunga. "Nilikuwa naogopa kukuzika," alisema. "Mama yetu kabla ya kufa, nilikuwa nasema vivyo hivyo, anameza, anameza. Kumbe hakuwa akimeza." Alifuta uso kwa kiganja. "Wewe ulikuwa unameza. Nisamehe, mdogo wangu."

"Nimekusamehe. Lakini leo urudi kwako. Umenimalizia sabuni."

Sisi tulirudi maabara. Mama Jumlisha aliandika kwa wino mwekundu juu ya jalada la faili la fundi kwamba damu yake isipimwe kwa kitendanishi cha aina hiyo, akapiga mstari chini. Nilidhani kazi imekwisha. Nilikwisha kunawa mikono.

"Tangu kisanduku kipya kifunguliwe tumepima wangapi?" aliuliza.

Nilifungua daftari. "Mia mbili na kumi na tatu."

"Toa wote."

Tuligawana karatasi meza mbili. Tulijumlisha Ijumaa hiyo hadi zamu ilipoisha, tukaendelea Jumamosi, na Jumatatu asubuhi, kwenye karatasi ya mia moja na themanini na moja, penseli yangu ilisimama. Mzee wa miaka sitini na mbili, mlinzi wa shule, aliyepimwa kwa mara ya kwanza, CD4 tisa, pengo mia nne na sabini. Nilitoa tena, kutoka chini kwenda juu, kama Mama Jumlisha alivyofundishwa na baba yake. Pengo halikusogea.

Sahihi chini ya karatasi ilikuwa yangu. Nilimpelekea Mama Jumlisha, naye akaisoma, akanirudishia, akausogeza mkonga wa simu upande wangu.

"Mpigie," alisema. "Mwambie aje na asiogope. Halafu mpigie dereva. Mwambie barafu hatutaki."